Hotuba ya Mratibu kwa Wachezaji Walio Kwenye Foleni ya Lori la Karatasi

(Ilitolewa Mwanjelwa, Mbeya, katika ukumbi ulio juu ya duka la simu la Bwana Jaffer, mbele ya wachezaji wa Mbeya na wa Iringa, muda ambao kwa mujibu wa ratiba ulikuwa wa chakula.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bi. Devota, Mkaguzi wa Miradi ya Burudani za Kidijitali kutoka makao makuu Dodoma, ambaye ameliacha jua la kwao ili aje kutetemeka pamoja nasi. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye aliteuliwa kabla hatujajua kwamba Mgeni Rasmi atafika mwenyewe, na kwa sababu hiyo tuna wageni rasmi wawili na kiti kimoja. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuipokea Kamati ya Mapokezi. Baba Mchungaji uliyefungua kwa sala, na Baba Paroko uliyeifungua sala hiyo upya. Bwana Jaffer, mwenye ukumbi, mwenye duka, mwenye waifai. Waheshimiwa wachezaji wa Mbeya. Waheshimiwa wachezaji wa Iringa mlioamka na ukungu wa Mafinga, wa Nyololo na wa Mgololo mkaja nao mpaka hapa. Ndugu waandishi wa habari, kama mngefika. Mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa itazingatiwa katika apdeti ijayo.

(Makofi. Mwakilishi wa Mgeni Rasmi anaendelea kusimama.)

Kamwene. (Iringa wanaitika.) Mugonile. (Wanyakyusa wanaitika. Wasafwa, nao wa Mbeya, wanasubiri salamu ya kwao, haiji.)

Mimi ni Anyelwisye, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Mchezo wa Mtandaoni uitwao Lori la Karatasi, Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, na nimesimama hapa nikiwa na unyenyekevu mkubwa ambao wenzangu ofisini wanasema hawajawahi kuuona kwa mtu wa cheo changu. Nianze na lililotuleta, maana msema kweli mpenzi wa Mungu. Mheshimiwa Bi. Devota amekuja na kitu kimoja tu katika mkoba wake, nacho ni Hati ya Kuridhika kwa Wachezaji. Mwishoni mwa hotuba hii nitawaomba mnyooshe mikono. Mikono ikizidi nusu ya ukumbi, Mheshimiwa atatia sahihi, mradi wetu utatangazwa kuwa mradi wa mfano kitaifa, nami, bila kupenda, kwa kusukumwa na matakwa ya wananchi, nitahamia Dodoma kuratibu nchi nzima. Mikono ikipungua, nitabaki nanyi. Mke wangu Paskalina, aliyekaa pale mbele, ameshaaga majirani.

(Bi. Paskalina anageuka na kuutazama ukumbi, safu baada ya safu, kama mwalimu wa zamu.)

Nayasema haya si kwa kuwashawishi. Nayasema ili asitokee mtu akabaki na mkono chini kwa kukosa taarifa, kwa sababu uendeshaji wa mchezo wa mtandaoni, kama nitakavyofafanua kwa kina na kwa upana na tena kwa kina, umesimama juu ya nguzo mbili, yaani apdeti na mawasiliano.

Kwa faida ya Mgeni Rasmi, nieleze mchezo wenyewe. Lori la Karatasi ni mchezo ambao mchezaji, akiwa na simu yake mkononi, anaendesha lori lililobeba karatasi kutoka kiwandani Mgololo, anapandisha nalo mpaka Nyololo kwenye lami kuu, anaipita Makambako, anaingia Mbeya, kisha anashuka Tunduma mpakani. Njiani kuna mvua, kuna ukungu, kuna mizani, kuna askari wa usalama barabarani ambaye anatabasamu kabla hujasimama, na kuna akina mama wanaokunyanyulia ndoo ya viazi mpaka dirishani. Wachezaji ni wengi kwa wakati mmoja, kila mtu na lori lake, wakipigiana honi, wakipitana, wakisaidiana kubadili matairi. Michoro yake, kwa maneno ya mtaalamu mmoja wa Dar es Salaam ambaye nilimsimulia kwa simu, ni ya kupendeza sana.

(Makofi. Bi. Devota anaandika.)

Sasa, kwa kuwa mahitaji ya wananchi ni makubwa kuliko uwezo wa seva, mchezaji anapofungua mchezo huu hupelekwa kwanza kwenye foleni. Anaona ukurasa wa bluu, jina lake, na namba yake. Huo ndio utaratibu wa michezo mikubwa yote duniani, kwamba watu wakijaa mlangoni wanapangwa, na sisi hatuna sababu ya kuwa wadogo. Wa kwanza katika foleni yetu, tangu siku ya uzinduzi hadi sasa ninapozungumza, ni ndugu Obeid, muuza viatu vya mtumba wa hapahapa Mwanjelwa. Ndugu Obeid, simama watu wakuone.

(Obeid anasimama, anafunga kifungo cha koti, anapunga mkono. Mbeya wanashangilia.)

Nimeambiwa kwamba mtaani hakuna anayemwita tena kwa jina lake. Anaitwa Wa Kwanza. Kwenye harusi anakaa meza ya mbele, na watoto wa jirani wakigombana kuhusu magari wanapelekwa kwake kuamuliwa. Na wa pili katika foleni ni dada Lea Kalinga, mwalimu kutoka Nyololo.

(Iringa wanashangilia kwa muda mrefu zaidi, kwa makusudi. Lea hapungi mkono. Anabaki amesimama.)

Unaweza kukaa, dada Lea. (Lea: "Nina neno dogo, Mheshimiwa.") Maneno yana muda wake kwenye ratiba. (Lea: "Mimi ni wa pili tangu mwanangu hajaota jino. Sasa hivi anatafuna mahindi ya kuchoma, ananiuliza, mama, lori liko wapi. Nimjibu nini?") Mjibu kwamba mama yake ni wa pili. (Kicheko upande wa Mbeya. Sauti kutoka Iringa: "Wa pili kwenda wapi, kaka?") Swali zuri, nalipokea, na naomba lisirudiwe.

Nirudi kwenye falsafa. Miaka michache iliyopita nilipata bahati ya kuhudhuria semina elekezi mjini Morogoro kuhusu namna watengenezaji wa michezo ya mtandaoni ulimwenguni wanavyowaweka wachezaji wao katika hali ya furaha endelevu. Mwezeshaji alitwambia jambo ambalo lilinifanya niache kula. Alisema mchezaji haondoki kwa sababu mchezo una kasoro. Michezo yote ina kasoro. Mchezaji anaondoka kwa sababu amenyamaziwa. Ukimwambia leo tumerekebisha hiki, kesho tutarekebisha kile, keshokutwa tunaomba radhi kwa kile cha jana, atakaa, na ataleta shemeji yake. Ndugu zangu, usiku ule sikulala. Nilijiuliza, kama kinachomshikilia mchezaji ni apdeti na mawasiliano, kwa nini mradi wetu, wenye rasilimali chache, uanze na kitu kingine?

(Makofi. Bi. Devota anaacha kuandika, kisha anaandika tena, polepole.)

Na hapa naomba nitoe mrejesho wa apdeti tulizotoa, kwa uchache, maana nikizitaja zote chakula kitapoa, na nimepata taarifa kwamba kimeshapoa.

Tulianza na Apdeti ya Rangi, ambayo iliubadilisha ukurasa wa foleni kutoka bluu ya kawaida kwenda bluu ya milimani. Mapokezi yalikuwa makubwa. Mchezaji mmoja wa Mgololo, Mama Evarista, alituandikia kwamba sasa akingoja anahisi baridi ya kwao. Hiyo kitaalamu inaitwa engagement, yaani mchezaji kunaswa.

Ikafuata Apdeti ya Ukungu. Wachezaji walilalamika kwamba kipande cha Nyololo kina ukungu mzito mno, lori halioni mbele. Tukakaa, tukachakata, tukapunguza ukungu kwa asilimia thelathini. (Lea: "Ukungu upi, Mheshimiwa? Mimi naona bluu na namba mbili.") Dada Lea, unaona bluu na namba mbili kwa uwazi? (Lea: "Kwa uwazi kabisa.") Basi ukungu umepungua. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huo ndio ushuhuda kutoka kwa mchezaji wa kawaida, na sikumpanga.

Kisha tukawa na Apdeti ya Mvua, kufuatia malalamiko mazito kwamba mvua inanyesha upande wa Iringa peke yake, na malori ya Mbeya yanapita makavu. Tuliigawa mvua upya kwa kuzingatia uwiano wa watu, miinuko na uwakilishi wa jinsia. (Sauti kutoka Mbeya: "Mmetupa nyingi." Sauti kutoka Iringa: "Mmezoea vya bure.") Tutalitazama.

Lakini apdeti iliyotujengea heshima, na ambayo nafikiri itaingia katika vitabu vya kiada nikipata nafasi ya kuviandika, ni Apdeti ya Maamkizi. Yupo mzee wetu, Mzee Sosthenes wa Mafinga, mwimbaji wa besi, mtu wa msimamo, ambaye aliwasilisha malalamiko rasmi kwamba dereva katika mchezo huu anapita Nyololo palipo na wazee wamekaa, na hasalimii. Anapita tu. Mzee alisema yeye hajauona mchezo huo kwa macho, ila amesikia, na kama ni hivyo basi huo si mchezo, ni utovu wa adabu wenye magurudumu. (Mzee Sosthenes, kutoka safu ya tatu: "Na bado nasema.") Na bado anasema. Tukatoa apdeti kwamba dereva akifika penye wazee, anasimamisha lori, anashuka, anavua kofia, anasema kamwene, anauliza habari za nyumbani, za mifugo, za mashamba, za mgonjwa, halafu ndiyo anaondoka. Iringa waliridhika kwa asilimia mia. Mbeya wakalalamika kwamba kwa mwendo huo karatasi itafika Tunduma wakati watu wameshasahau kuandika. Tukatoa apdeti ya maridhiano, kwamba dereva asishuke, apige honi ya heshima. (Mzee Sosthenes: "Honi unampigia mbuzi.") Tukaifuta. Kwa sasa, katika vesheni tuliyonayo, dereva hapiti Nyololo kabisa, jambo ambalo pande zote mbili zimelikubali.

(Makofi kutoka pande zote mbili. Lea anamtazama Mzee Sosthenes, Mzee Sosthenes anatazama dari.)

Nije kwenye nguzo ya pili, mawasiliano. Tulifungua kundi la WhatsApp la wachezaji wote. Katika wiki ya kwanza tulibaini changamoto kubwa ya kimfumo, kwamba wachezaji walikuwa wanaandika. Mtu anauliza hili, mwingine anauliza lile, na ujumbe wa Mratibu unapotea katikati. Ili kuboresha mawasiliano, tukalifunga kundi, akabaki anaandika Mratibu peke yake, na tangu siku hiyo mawasiliano hayajawahi kukatizwa. Kila asubuhi natuma salamu. Kila Jumatatu natuma roadmap, yaani ramani ya mipango. Kila Ijumaa naomba radhi, na naomba niseme kwa fahari kwamba radhi zangu zimepanda ubora mwaka hadi mwaka. Za mwanzo zilikuwa za jumla, za sasa zina picha ya ua.

Tulifanya pia utafiti wa kuridhika. Wenzetu wa nje wanatumia dodoso refu lenye nyota tano, jambo linalomchosha mwananchi. Sisi tukasema hapana, tutumie njia yetu. Maofisa wangu walisambaa Mbeya mjini, Mafinga, Nyololo mpaka Mgololo, wakimkuta mchezaji wanamuuliza swali moja tu la kitaalamu, "Habari za mchezo?" Matokeo ninayo hapa. Waliojibu "Nzuri" ni asilimia themanini na moja. Waliojibu "Salama" ni asilimia kumi na mbili. Waliojibu "Tunamshukuru Mungu" ni asilimia sita, nao tumewaweka katika kundi la walioridhika kiroho. Mmoja alijibu "Nzuri kiasi," tukamfuatilia nyumbani, ikagundulika alikuwa na malaria. Ndugu zangu, hakuna hata mchezaji mmoja, katika mikoa miwili, aliyejibu "Mbaya." Naomba makampuni ya Ulaya yaniletee takwimu kama hizo.

(Makofi. Bi. Devota: "Samahani, Mratibu. Mtu akikuuliza habari za asubuhi nawe umeumwa jino usiku kucha, unamjibuje?") Namjibu nzuri, Mheshimiwa. (Bi. Devota: "Ahaa.") Kwa sababu ndiyo malezi. (Bi. Devota: "Endelea.") Naendelea.

Hebu tuutazame mradi huu kwa vigezo vya kimataifa. Michezo ya nje inalalamikiwa kwa bagi, yaani hitilafu. Katika Lori la Karatasi halijawahi kuripotiwa lori hata moja lililokwama, lililopinduka au lililopita ndani ya ukuta. Michezo ya nje ina wadanganyifu. Sisi hatujawahi kumkamata mdanganyifu hata mmoja, na si kwa kukosa kutafuta. Michezo ya nje inamaliza bando na chaji. Mchezo wetu unaweza kuuweka simuni tangu asubuhi mpaka jioni na simu isipate hata joto. Wazazi wa kigeni wanalia kwamba watoto hawasomi kwa sababu ya michezo. Walimu wetu wananishika mkono njiani. Mchungaji mmoja aliniambia, huu ndio mchezo wa kwanza wa simu ambao hauna dhambi ndani yake. Nilimwambia, Baba, hauna kabisa.

(Baba Mchungaji anainamisha kichwa. Haijulikani kama ni kukubali au ni sala.)

Na mafanikio haya hayakuja kwa bahati. Yanahitaji uongozi. Mimi simo katika watu wanaojisifu, lakini kama nisingekuwepo mimi, ingebidi nitafutwe. (Bi. Paskalina anapiga makofi peke yake. Jirani yake anaungana naye baada ya kutazamwa.)

Naona Mheshimiwa Mgeni Rasmi amenyoosha kidole. Karibu, Mheshimiwa. (Bi. Devota: "Nimesikia apdeti, nimesikia mawasiliano. Naomba tu niuone huo mchezo. Kidogo. Hapo ukutani.") Wazo zuri sana, Mheshimiwa, ila kwa bahati mbaya projekta… (Bwana Jaffer, kutoka mlangoni: "Projekta ipo, bwana. Umeme upo, waifai ipo. Bonyeza tu.") Ahsante, Bwana Jaffer, kwa utayari wako ambao hatukuuomba.

(Ukurasa wa bluu unatokea ukutani. Wachezaji wa Iringa na wa Mbeya wanaguna pamoja, kama watu walioonyeshwa picha ya kijijini kwao. Mratibu anaandika jina la Bi. Devota. Linatokea jina lake, na chini yake namba ndefu.)

Hongera, Mheshimiwa. Umeingia. (Bi. Devota: "Nimeingia wapi?") Kwenye foleni. Nyuma ya Bwana Jaffer. (Bi. Devota: "Nami ningependa kuona lori. Huyu kijana wa kwanza, aliyevaa koti, si ndiye anayefuata kuingia? Basi aingie sasa, sote tumwone.")

(Obeid ameshasimama. Anafunga kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa.)

Mheshimiwa, ningefurahi kuliko mtu yeyote, lakini seva iko katika matengenezo. (Obeid: "Mkuu, kwa heshima zote. Mimi nauza viatu. Mtu akija kwangu ananiambia nataka kiatu, simpi nafasi. Nampa kiatu. Kikimbana analalamika, namtafutia kingine. Lakini lazima kwanza kimbane.") Ndugu Obeid, hekima hiyo tutaiweka kwenye apdeti. (Obeid: "Nimekataa viti viwili vya harusi Jumamosi hii nije hapa, mkuu. Niambie tu naingia leo au siingii.") (Lea: "Kama yeye haingii, mimi je?") (Kutoka Iringa: "Mwambie, mwalimu." Kutoka Mbeya: "Wa pili akae, wa kwanza anaongea.")

Utulivu, ndugu zangu. Utulivu ni sehemu ya mchezo. Naona hisia zimepanda, na mwezeshaji wa Morogoro alitufundisha kwamba hisia zikipanda, msemaji afunge. Nafunga basi, kwa kaulimbiu tatu tulizozipitisha katika kikao cha kaulimbiu. Nikisema foleni, ninyi semeni ni maendeleo. Foleni. (Sauti chache: "Ni maendeleo.") Apdeti leo, furaha kesho. (Sauti chache zaidi.) Ukinyamaziwa umeachwa, ukiandikiwa umependwa. (Mwakilishi wa Mgeni Rasmi peke yake, kwa sauti kubwa: "Umependwa." Anaona aibu.)

Na sasa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hashukuru. Namshukuru Bwana Jaffer kwa ukumbi. Namshukuru kijana wa hapo dukani kwake, bwana Aamir, aliyetutengenezea ukurasa wa bluu kwa mchana mmoja, akausimamia kwa moyo wote, na ambaye hadi leo ndiye sehemu yote ya kitaalamu ya mradi huu. Nawashukuru viongozi wa dini kwa maombi, ambayo kwa hali ilivyo bado tunayahitaji. Nawashukuru wazee wa Iringa kwa maoni juu ya barabara ambayo haijachorwa, na wachezaji wa Mbeya kwa uvumilivu wenu juu ya mvua ambayo haijanyesha. Na kwa namna ya pekee kabisa, kwa moyo uliojaa, namshukuru mtaalamu atakayekuja kuutengeneza mchezo wa Lori la Karatasi, mara tu tutakapompata, mara tu tutakapoanza kumtafuta, kazi ambayo tumeiweka katika roadmap ya baadaye ili isiingiliane na apdeti.

(Chini, dukani, simu inajaribiwa mlio.)

(Mama Evarista wa Mgololo, taratibu: "Kumbe haupo." Jirani yake: "Mimi nilidhani ni simu yangu ndiyo mbovu." Mwingine: "Hata mimi. Nikaona aibu kusema." Mwingine: "Nilipoulizwa nikasema nzuri.")

Naona mmepokea taarifa. Hayo ndiyo mawasiliano.

(Obeid anavua koti. Analikunja, analiweka begani, anaelekea mlangoni bila kuaga. Bi. Devota anafunika kalamu yake.)

Ndugu wachezaji, kwa mujibu wa taratibu zetu za uwazi, naomba nitoe taarifa ya papo kwa papo. Ndugu Obeid ametoka kwenye foleni. Dada Lea Kalinga, hongera. Wewe sasa ndiye wa kwanza.

(Lea, ambaye alikuwa ameshachukua mkoba wake, anasimama pale alipo. Upande wa Iringa mtu mmoja anapiga makofi kabla hajajizuia, kisha wa pili, kisha wote. Lea anautazama mlango, anawatazama watu wake. Anakaa.)

(Obeid anarudi mbio kutoka kwenye ngazi: "Nani kasema nimetoka? Nilikwenda kununua maji.") (Lea: "Maji gani unayafuata umevua koti?") (Obeid: "Mwalimu, shuka hapo, kiti cha wa kwanza ni changu.") (Lea: "Kiti cha kwenda wapi, kaka? Umemsikia mwenyewe, hakuna lori.") (Obeid: "Basi kama hakuna, mbona umekaa?")

(Lea anauvuta mkoba magotini na kukaa vizuri zaidi. Wachezaji walioanza kuinuka wanawatazama majirani zao, wanaona wengine hawajainuka, wanakaa haraka. Mama Evarista anauliza kama yeye sasa amekuwa wa tatu. Anaambiwa ngoja kwanza.)

Ndugu zangu, msigombane, mfumo una majibu. Mgogoro wowote wa nafasi utashughulikiwa kwa upendeleo maalumu kwa wachezaji walioridhika. Sasa hivi naomba tupige kura. Wale ambao wameridhika, na ambao wangependa nafasi zao zilindwe mpaka mchezo utakapopatikana, wanyooshe mikono.

(Obeid ananyoosha wa kwanza. Lea ananyoosha wa kwake juu zaidi. Mzee Sosthenes ananyoosha baada ya kuhakikishiwa kwamba dereva, akichorwa, atashuka kusalimia. Safu za Iringa zinanyanyuka, safu za Mbeya zinazipita. Bi. Paskalina ananyoosha yote miwili, anashushwa mmoja na Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye kwa mara ya kwanza leo amepata la kufanya.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tazama mwenyewe. Hakuna aliyeridhika na mchezo wowote duniani kama hawa walivyoridhika na huu. Kwa hayo machache, niwashukuru kwa kunisikiliza, na niwaahidi kwamba hata nikiwa Dodoma, kila Ijumaa nitaendelea kuwaomba radhi.

(Bi. Devota anaifunua kalamu. Anaitazama hati, anautazama ukuta wenye ukurasa wa bluu, anaitazama mikono. Anatia sahihi. Kisha anamwinamia Mratibu na kumuuliza jambo kwa sauti ya chini, ambayo kipaza sauti kinaipeleka ukumbi mzima: mtu akitia sahihi, hawezi kusogezwa mbele kidogo?)

(Iringa na Mbeya, kwa mara ya kwanza siku hiyo, wanajibu kwa kauli moja: "Apange foleni nyuma, kama sisi.")